Jebu inayochapa: niliyojifunza kuhusu mkono wa mbele

Jebu, ile ngumi ya kunyooka ya mkono wa mbele katika ndondi, haipati kasi kwa kuongezewa nguvu. Hilo nimelielewa polepole, kwa miaka ya kupiga gunia Manzese, Dar es Salaam, kwa raundi za mazoezi na watu wepesi kuliko mimi, na siku hizi kwa kuwashikia vijana pedi za kupigia ngumi jioni. Mkono wa mbele huwa mwepesi ukiondolewa mizigo: ngumi iliyobanwa kabla ya wakati, bega lililopanda, kiwiko kinachochepuka nje, pumzi iliyozuiwa kifuani. Mimi nasimama mguu wa kushoto mbele, kwa hiyo hapa nitausema mkono wa kushoto. Anayesimama kinyume ageuze.

Mwalimu aliyenilea katika mchezo huu alikuwa mtu wa maneno machache, na somo lake la kwanza la jebu halikuhitaji glovu. "Fungua kiganja, mwanangu." Alitaka tupige hewa kwa mkono uliofunguka nusu, vidole vimelegea, bega limeshuka, na ngumi ifungwe mwisho kabisa, pale ambapo ingekuwa inagusa uso wa mtu. Tulifanya hivyo jioni baada ya jioni huku waliotutangulia wakilitikisa gunia kwa makonde mazito, nasi tukiitamani zamu yetu. Yeye hakuwa na haraka. Ngumi inayofungwa mapema, alisema, inachoka kabla ya kuondoka.

Ukiutazama mwili unavyofanya kazi, utaona alikuwa sahihi. Mkono una msuli unaonyoosha kiwiko, ulio nyuma ya mkono wa juu, na msuli unaokikunja, ule ambao vijana wanapenda kuutunisha mbele ya kioo. Ukikaza ngumi na bega kabla ya kupiga, yote miwili inakaza pamoja, na ule wa kukunja unageuka breki. Unasukuma na kujizuia kwa wakati mmoja. Vipimo vya umeme wa misuli vilivyofanywa kwa wapiganaji wazoefu vimeonyesha mpangilio huohuo aliotufundisha mwalimu kwa macho tu: misuli inakaza ghafla kuuondoa mkono, inalegea mkono ukiwa njiani, kisha inakaza tena ngumi inapofika. Katikati pale, mkono unasafiri bila mzigo. Hapo katikati ndipo mabondia wengi wachanga wanapopoteza kasi yao, kwa sababu wamekaza kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Nikitaka kujua kama kijana amekaza, simtazami mkono. Namtazama taya. Taya ikibana, shingo inafuata, bega linapanda, na jebu inakuwa nzito hata kama mwenyewe anahisi anapiga kwa nguvu zote. Dawa ninayoitumia ni kumsemesha. Akiwa anapiga pedi namwuliza amekula nini mchana, au amekuja na daladala ya wapi, na nataka jibu kamili, siyo neno moja. Anayeweza kujibu huku anapiga amelegea. Asiyeweza, tunasimama, anatikisa mikono, tunaanza upya. Pumzi nayo itoke kwa kifupi puani au kati ya meno kila ngumi inapoondoka. Anayeibana pumzi anakibana na kifua, na kifua kikibana bega haliwezi kwenda.

Bandeji zina sehemu yake pia, na watu wengi hawazifikirii. Ukifunga bandeji huku kiganja kimejikunja, ukimaliza unakuta mkono umeshakuwa ngumi nusu, hauwezi kufunguka. Tanua vidole sawasawa unapofunga. Bandeji ikae imara kwenye kifundo cha mkono na juu ya vifundo vya vidole, lakini kiganja kiweze kupumua. Ngumi itakazwa na bondia mwenyewe wakati ukifika.

Jambo la pili ni gumu zaidi, nalo ni ishara. Jicho likiona kitu cha ghafla, mwili unahitaji takriban sehemu mbili za kumi za sekunde kuanza kuitikia. Jebu ya bondia mzuri, ikirushwa kutoka umbali unaofaa, inaweza kufika ndani ya muda kama huo. Maana yake ni kwamba mpinzani anayekwepa jebu yako mara kwa mara hajaiona jebu. Ameona kilichoitangulia. Ndiyo maana nilikuwa nawaona watu wenye mikono ya kawaida kabisa wakiwafikia wapinzani kila wanapotaka, na wengine wenye mikono ya umeme wakipiga hewa usiku mzima.

Kiwiko ndicho msaliti wa kwanza. Kikichepuka nje hata kidogo, bega linainuka, glovu inapinda njia, na mpinzani anaona kitu kimekua upande mmoja wa umbo lako. Kwetu tunalirekebisha ukutani. Unasimama kwenye mkao wako, bega la kushoto karibu kabisa na ukuta, unapiga jebu kwa kwenda sambamba nao. Ukuta wa klabu yetu ni wa matofali ya saruji yasiyopigwa plasta, na kiwiko kinachochepuka kinachubuka. Siku chache hivi zinatosha kumfundisha mtu kwamba ngumi inatangulia na kiwiko kinaifuata nyuma yake, na kwamba vifundo vya vidole vinageuka kuelekea chini mwishoni tu mwa safari, siyo njiani.

Msaliti wa pili ni kuivuta ngumi nyuma kabla ya kuirusha, kama anayejiandaa. Mwenyewe hajui kama anafanya. Hapo naweka kiganja changu nyuma ya kiwiko chake, karibu bila kugusa, na kumwambia apige. Kiwiko kikinigusa kabla ngumi haijaondoka, amejisema. Zoezi hili linawaudhi sana wenye nguvu, kwa sababu wanahisi wamenyang'anywa kitu. Lakini jebu haihitaji kuvutwa nyuma. Nguvu yake inatoka kwenye mguu wa nyuma unaosukuma ardhi na nyonga inayogeuka kidogo, na safari yake inaanzia pale glovu ilipo.

Msaliti wa tatu ni mguu wa mbele unaotangulia. Ukikanyaga kwanza halafu ukapiga, umempigia mtu hodi. Ngumi na mguu vifike pamoja, na kama kuna kinachotangulia kwa nukta ndogo, kiwe ngumi. Hili linabadilisha uzito wa jebu pia, kwa sababu ngumi inafika wakati mwili bado unakwenda mbele, kabla wayo haujaubeba uzito.

Simu imenisaidia kuliko kioo. Simu nyingi za sasa zinarekodi kwa mwendo wa polepole. Naiweka mbele ya kijana, kwenye kimo cha macho ya mpinzani, anapiga jebu kadhaa, kisha tunakaa chini pamoja kuitazama tukitafuta jambo moja tu: ni kitu gani kilichosogea kwanza? Ikiwa ni bega, au kidevu, au glovu ya kulia inayodondoka kidogo, anaiona kwa macho yake mwenyewe na mimi sina haja ya kubishana naye. Kioo hakifai kwa kazi hii, kwa sababu anayejitazama anajua jebu inakuja lini.

Sasa makali. Watu wanachanganya kasi na makali, lakini jebu inaweza kuwahi kufika na bado isiumize wala kumzuia mtu. Inamgusa, inamsukuma, anaendelea kuja. Jebu yenye makali inachapa. Mwalimu alitueleza kwa kutumia kanga mbichi. Mama anapoikung'uta kabla ya kuianika, mlio haupatikani mkono unapokwenda mbele. Unapatikana pale anapoirudisha mikono kwa ghafla. Akiisukuma tu mbele, kanga inapepea na kunyamaza. Basi kuanzia siku hiyo tulifundishwa kuifikiria jebu kuanzia kwenye kurudi kwake: irudi kwa kasi ileile iliyokwenda nayo au zaidi, kwa njia ileile, hadi kwenye shavu.

Ukilipiga gunia utajua mara moja. Jebu inayosukuma inalipeleka gunia mbali na kulirudisha likiyumba. Jebu inayochapa inaliacha palepale likitetemeka, na mlio wake ni mfupi na mkavu. Tatizo la magunia yetu ni kwamba mchanga unashuka na kujikusanya chini, juu yanabaki matambara laini, na kijana anajizoesha kupiga chini kidogo anakopata jibu. Gunia ligeuzwe na kujazwa upya mara kwa mara. Na chombo bora kuliko gunia kwa kazi hii ni mpira uliofungwa kwa kamba mbili, juu darini na chini sakafuni. Wa kwetu ni mpira mdogo uliokazwa kwa vipande vya tyubu ya baiskeli. Ukiusukuma unakukimbia; ukiuchapa na kurudi unakuja moja kwa moja, na usiporudisha glovu shavuni unakupiga puani.

Pua siyo kitu kidogo cha kuchunga. Hadithi ninayowasimulia vijana kuhusu kurudisha mkono ni ya bondia Mmarekani Joe Louis. Juni 1936, katika uwanja wa Yankee Stadium, New York, Louis alikuwa hajawahi kushindwa katika ngumi za kulipwa, na wengi walimwona Max Schmeling wa Ujerumani kuwa amekwisha. Lakini Schmeling alikuwa amezitazama filamu za mapambano ya Louis na kugundua kwamba baada ya kupiga jebu, mkono wa kushoto unashuka chini kabla ya kurudi. Usiku ule mkono wa kulia wa Schmeling ulipita juu ya nafasi ile tena na tena. Louis aliangushwa raundi ya 4 na kumalizwa raundi ya 12. Alikuwa na moja ya jebu bora zilizowahi kupigwa, na kasoro ilikuwa kwenye safari ya kurudi. Walipokutana tena Juni 1938 katika uwanja uleule, alimmaliza Schmeling raundi ya kwanza.

Kuna na suala la majaji. Katika ngumi za ridhaa ngumi inayohesabiwa ni ile inayotua kwa sehemu ya vifundo vya vidole, mbele au pembeni mwa kichwa au mwili, juu ya mkanda. Jaji amekaa chini, pembeni ya ulingo, mara nyingi anaona migongo. Anachokiona vizuri ni kichwa kinachorudi nyuma ghafla, na anachokisikia ni mlio. Jebu ya kusukuma haimpi vyote viwili. Nawakumbusha vijana kuhusu Mkenya Philip Waruinge, ambaye kwenye Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 alitoka na medali ya shaba, lakini akapewa Kombe la Val Barker, lililotolewa kwa bondia aliyeonyesha ufundi bora kuliko wote kwenye mashindano. Ufundi unaonekana, hata pale medali ya dhahabu inapokwenda kwa mwingine.

Vijana wa leo wanajifunza mengi kwenye intaneti, na hilo ni zuri, ila wanakuja na mikono chini. Wamemwona Thomas Hearns akiichapa jebu kutoka kiunoni, wamemwona Muhammad Ali akicheza na mkono kwenye paja. Nawaambia Hearns alikuwa na urefu wa takriban sentimita 185 katika uzani wa welta, yaani wa hadi takriban kilo 67. Alikuwa anawapiga watu kutoka mahali ambapo wao hawawezi kumfikia. Ali alikuwa na miguu myepesi. Mwenye kimo cha kawaida akiiga mkono wa chini anakuwa ameongeza safari ya kurudi na kuacha taya wazi. Kama wanataka mtu wa kumwiga, namtaja Larry Holmes, aliyekuwa akifanya mazoezi na Ali kabla hajashika ubingwa wa uzito wa juu kuanzia 1978 hadi 1985. Jebu yake ilinyooka, ilikuwa nzito, ilirudi, na aliirusha mara mbili na mara tatu mfululizo bila kubadilisha uso.

Kuirusha mara mbili kunanileta kwenye jambo ambalo kwangu ndilo lililozaa matunda mengi zaidi kwenye raundi za mazoezi: kubadilisha mwendo. Jicho la mpinzani linazoea. Ukimpa jebu za mwendo mmoja, hata ziwe za kasi kiasi gani, baada ya dakika moja ameshazipatia kipimo. Mpe mbili za taratibu, za kugusa glovu yake tu, kisha moja ya kuchapa, nayo itaonekana kwake ya kasi kuliko ilivyo. Zile za taratibu zinafanya kazi. Vijana wanazidharau, wanataka kila moja iwe ya mwisho, na hapo ndipo mabega yanapoanza kupanda tena.

Kuhusu vyuma vidogo vya kushika mkononi wakati wa kupigana na kivuli, yaani kupiga hewa peke yako, nina msimamo, na najua walimu wengi ninaowaheshimu hawakubaliani nami. Chuma kinavutwa kwenda chini. Jebu inakwenda mbele. Bega linajifunza kubeba, siyo kurusha, na mkono unajifunza mwendo wa polepole na kuurudia. Kwa kulizoesha bega kukaa na mkono juu hadi raundi za mwisho, sawa, lakini kwa utaratibu na siyo kwa kurusha. Raba za kuvuta nazo zina tatizo la kinyume. Zinakuzuia kwenda, halafu zenyewe ndizo zinazourudisha mkono, wakati kurudisha ndiko unakopaswa kujifunza. Nimeviacha vyote viwili kwa kazi ya kasi.

Kasi inataka mwili usiochoka. Huko kwetu tuna tabia ya kukimbia kwanza, kuruka kamba, kupiga gunia hadi jasho litiririke, halafu mwishoni, watu wakiwa hoi, ndipo ufundi unafundishwa. Mimi nimegeuza. Baada ya kamba kidogo na kuwasha mwili, jebu ya kasi inakuja kwanza: chache chache, kila moja kwa ukamilifu, mapumziko ya kutosha katikati, na mara tu nikiona zinaanza kupungua kasi tunaacha. Anayeendelea kupiga akiwa amechoka anajizoesha kupiga polepole. Ustahimilivu una muda wake mwishoni, nao ni kitu kingine.

Glovu pia. Mazoezi tunafanya na za aunsi 16 kwa usalama wa mwenzako, lakini pambano la kulipwa ni aunsi 8 hadi uzani wa welta, na 10 kuanzia juu yake. Tofauti hiyo inamfanya bondia ahisi siku ya pambano kama mkono unaruka wenyewe, na akikosa shabaha kiwiko kinanyooka hadi mwisho kwa nguvu. Maumivu ya kiwiko kwa watu wenye jebu ya kasi yanatoka hapo mara nyingi. Kwa hiyo wiki za mwisho tunapiga pedi kwa glovu nyepesi, na tunafundishana kuacha kiwiko kikunje kidogo hata mkono ukiwa umefika mwisho. Umbali urekebishwe kwa miguu, siyo kwa kuunyoosha mkono zaidi.

Klabuni yuko binti mmoja aliyetoka kwenye netiboli. Alikuja na kipaji cha miguu na mkono uliokaza kama wote. Tulikaa ukutani na kwenye kiganja kilichofunguka kwa muda mrefu kiasi kwamba mama yake alikuja kuniuliza, kwa heshima zote, "Mwalimu, huyu mtoto lini ataanza kupigana?" Nilimwomba asubiri. Kwenye pambano lake la ridhaa la karibuni, raundi ya tatu, mpinzani wake alikuwa na nguvu zaidi na anakuja mbele bila kusimama, na yule binti aliendelea kuichapa jebu na kurudi nyuma nusu hatua, taya imelegea, kichwa cha mwenzake kinarudi kila mara. Nilikuwa kwenye kona nimeshika ndoo, na furaha niliyoipata pale siwezi kuilinganisha na ushindi wangu wowote ulingoni.

Sasa ana kazi mpya. Anayekutana naye safari hii anapigana mkono wa kushoto, yaani anasimama mguu wa kulia mbele, kwa hiyo mikono yao ya mbele inaelekeana na glovu zinagongana njiani. Tumeanza na mguu: wa kushoto utue nje ya mguu wa kulia wa mpinzani, jebu ipite juu ya glovu yake badala ya kupambana nayo, na kama njia imezibwa aipige chini glovu ile kwanza kisha arushe. Akihamia upande huo kiwiko kinachepuka tena, kwa hiyo wiki hii tumerudi ukutani, safari hii tukitembea.